Laini ya kutomasa na laini ya kupapasa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Newala. Baba yangu anachonga vinyago vya mpingo, nami ndiye ninayevipiga picha na kuviuza kwa simu. Juzi niliandika, "Kinyago cha mpingo, laini kama pamba." Mteja mmoja, seremala wa Dodoma, akanijibu kwamba yeye hataki mbao laini, anataka mpingo. Mwingine akaniuliza kama kinabonyea. Kaka yangu anasema ningeandika "nyororo". Baba anasema niandike tu "kinang'aa". Neno sahihi ni lipi? Na lipiko, lile la kuvaliwa kichwani ngomani, nilielezeje? Tunalo moja ambalo halikupigwa msasa, nikiliita laini nitakuwa nimedanganya.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa maswali ya wateja. Neno lako halikuwa na kosa. "Laini" linakifaa kabisa kinyago cha mpingo kilichopigwa msasa, na yeyote aliyewahi kukishika atakuunga mkono. Kilichokuponza ni pamba. Laini lina maana zaidi ya moja, na maneno yanayolizunguka ndiyo yanayomwelekeza msomaji achukue ipi. Ulipoitaja pamba ulimpeleka mteja kwenye ile maana ambayo mpingo hauna hata chembe yake.

Tazama vidole vinavyofanya kazi. Mtu anayenunua embe gengeni hulitomasa: analibana kidogo kwa kidole gumba asikie kama linabonyea. Mtu anayekagua ubao uliotoka kwenye randa hautomasi. Anapitisha kiganja juu yake taratibu, anaupapasa. Kutomasa kunauliza habari za ndani: hiki kitu kinakubali kubonyea? Kupapasa kunauliza habari za juu: kuna mahali ngozi yangu inakwama? Hivyo ni vitendo viwili, na Kiswahili kimevipa vitenzi viwili. Jibu la kila kimoja, likiwa la kupendeza, limepewa neno lilelile: embe laini, ubao laini. Hapo ndipo wewe na wateja wako mlipopishana. Wewe uliandika baada ya kupapasa. Wao walisoma wakatomasa.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu, imo mwilini. Ukiweka kidole juu ya kitambaa ukakituliza bila kukisogeza, utajua kama kitambaa ni kinene au chembamba, kama kina baridi au joto, lakini habari za nyuzi zake ndogondogo hutazipata vizuri mpaka usogeze kidole. Mwendo wa kidole ndio unaotikisa ngozi, na mitikisiko hiyo ndiyo inayosomwa na mishipa ya fahamu. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, Sweden, waliwapa watu nyuso zenye mikunjo midogo mno wazipapase, na vidole vikaweza kutenga uso wenye mikunjo ya nanomita 13 na uso usiokuwa na mikunjo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Baba yako akikuambia hapa pamebaki mkwaruzo, nawe kwa macho huoni kitu, msikilize. Kidole chake kinaona.

Sasa, ukiandika au ukisoma neno hili na unataka kujua ni laini ipi, tafuta kinyume chake. Hii ndiyo njia ninayowapa waandishi wote wanaonijia na swali kama lako, na bado haijanitupa. Ugali laini, kinyume chake ni ugali mgumu. Nyama laini, nyama ngumu. Godoro laini, godoro gumu. Hapo tunatomasa, hata kama ni kwa meno. Sasa chukua sakafu laini. Kinyume chake hakiwezi kuwa sakafu ngumu, kwa kuwa sakafu ya saruji ni ngumu siku zote, iwe imesuguliwa au haijasuguliwa. Kinyume chake ni sakafu inayoparuza. Hivyohivyo kwa kuta za zile nyumba za zamani za Mikindani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe: pale chokaa ilipobaki, ukuta ni laini, pale ilipobanduka na jiwe likatokeza, ukuta unaparuza mpaka unachubua mkono. Ugumu wa ukuta haukubadilika mahali hapo, kilichobadilika ni uso wake.

Ipo na ya tatu. Unga laini si unga unaobonyea, maana unga wowote unabonyea. Ni unga uliosagwa mpaka ukakosa chenga. Mchanga laini ni ule wa punje ndogo. Ukiufikicha kati ya vidole, hakuna punje inayojitokeza. Kinyume chake ni chenga, au punje kubwa. Kilimo kina neno lake zuri kwa jambo linalokaribiana na hili, udongo tifutifu, na mkulima wa Nachingwea akisikia tifutifu hahitaji maelezo mengine.

Kuna maneno yanayobeba mawili kwa pamoja bila kuleta shida. Ngozi laini ya mtoto mchanga ni laini kwa kutomasa na laini kwa kupapasa, na hakuna haja ya kuitenganisha. Ugali nao: mtu akisifu ugali kuwa ni laini huenda anasema haukukazwa sana, huenda anasema hauna madonge, na mara nyingi anasema yote. Lakini kinyago cha mpingo ni kinyume: kwa kutomasa ni kigumu kupindukia, kwa kupapasa ni laini kupindukia. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyotaka mwandishi mwangalifu.

Hapa niseme jambo kwa walimu wenzangu wa shule za msingi, maana swali lako limenikumbusha. Lile zoezi la "Andika kinyume cha laini" lisitolewe bila sentensi. Mtoto anayejibu "gumu" yuko sahihi, na anayejibu "-a kuparuza" yuko sahihi pia. Nimeona wa pili akiwekewa mkasi, na inaniuma, kwa sababu huyo alikuwa amefikiri kwa mkono wake mwenyewe.

Tuje kwa seremala wako wa Dodoma. Usimchukulie mkorofi. Katika biashara ya mbao, "mbao laini" ni jina la kundi. Ni mbao za miti kama misonobari, ile inayopandwa kwa wingi Sao Hill kule Mufindi, na ndizo zinazoezekea nyumba zetu nyingi siku hizi. Kundi la pili ni mbao ngumu: mninga, mkongo, mvule na wenzake, na mpingo akiwa mgumu wao. Seremala akisoma "laini" mbele ya jina la mti, haulizi habari za msasa, anaona kundi. Hata wataalamu wa misitu hugawa hivyo kwa kufuata aina ya mti, kiasi kwamba mti mwepesi kama balsa, ambao ukucha unauingia, wao huuhesabu upande wa miti migumu. Kwa hiyo usiandike "mpingo laini" na usiandike "mbao laini ya mpingo". Mtaje mti peke yake, kisha useme habari za uso wake mbali kidogo. "Kinyago cha mpingo, uso wake laini" ni sentensi ambayo seremala hawezi kuipindisha, kwa sababu neno "uso" limeshafunga mlango wa kutomasa.

Yule wa pili, aliyeuliza kama kinabonyea, mjibu kwa upole na kwa takwimu. Mita ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi na zaidi. Mita ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Ndiyo maana kipande cha kiini cha mpingo ukikitia kwenye ndoo kinazama mpaka chini. Msonobari mkavu uko karibu na kilo 500 na unaelea. Na huo uzito ndio unaouwezesha mpingo kuwa laini wa kupapasa. Nyuzi zake zimebanana na vitundu vyake vya kupitishia maji ni vidogo sana, kwa hiyo msasa unapopita hakuna shimo kubwa linalobaki wazi na hakuna uzi unaosimama. Mbao nyepesi yenye vitundu vikubwa unaweza kuisugua kutwa nzima; kesho yake ikipata unyevu wa pwani, nyuzi zinaamka na uso unaanza tena kuparuza. Watengenezaji wa klarineti (ala ya muziki ya kupuliza) wa Ulaya wanautafuta mpingo wetu wa Lindi na Mtwara kwa sababu hizohizo: unachongeka kwa usahihi, hautetereki kirahisi kwa unyevu wa pumzi, na uso wake unakubali kusuguliwa. Kwa mpingo, basi, ugumu ndio unaozaa ulaini. Ukiweza kumwambia mteja hivyo kwa sentensi moja, atanunua akiwa anajua anachonunua.

Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, layyin, ambalo huko maana yake ni kitu kinachobonyea, kinachopindika, kisicho kigumu. Kwa uso usioparuza Waarabu wana neno jingine, amlas, ambalo sisi hatukulichukua. Tulilichukua lile la kutomasa tukalipanua mpaka likaingia kwenye kupapasa, kisha kwenye unga, kisha kwenye sauti na maneno ya mtu. Sioni hasara yoyote katika upanuzi huo. Nauona ni ushahidi kwamba mtumiaji wa Kiswahili huamini sentensi nzima kuliko neno moja.

Kwa kuwa ni la kigeni, halibebi viambishi vya ngeli. Kinyago laini, vinyago laini, mti laini, miti laini. Usiandike "vinyago vilaini" wala "mti mlaini", hata kama unayasikia masokoni. Ukitaka kulinyambua, linanyambulika vizuri: kulainika, kulainisha, kilainishi, ulaini. Chunga hapo tu kwamba kulainisha kumeelemea upande wa kutomasa. Ngozi ya ng'ombe hulainishwa, mihogo hulainika chunguni. Ukisema "baba amekilainisha kinyago" msomaji atafikiri amekiloweka. Sema amekipiga msasa, au amekisugua. Na kwa kuwa unauza kwa simu, jua kwamba "laini" ya mtandao wa simu ni neno jingine kabisa lililotoka Kiingereza na kufanana nalo kwa bahati. Tangazo linaloanza na neno laini litachanganyika na ya wauza laini. Anza na kinyago, au anza na mpingo.

Kaka yako naye ana hoja yake. Nyororo ni neno letu wenyewe la Kibantu, na linapendeza. Mzizi wake ni -ororo, na zamani lilifuata ngeli: mkono mwororo, majani mororo, ngozi nyororo. Leo wengi tumebaki na nyororo kwa kila kitu, na sitagombana na mtu kwa hilo. Ila nyororo lina tabia ambayo laini halina. Linapenda vitu vyenye uhai au vinavyotiririka: ngozi, nywele, jani changa, hariri, sauti ya mwimbaji. Ndani yake kuna upole. Hakuna anayesema sakafu nyororo ya benki, wala kioo nyororo cha dirisha, ingawa vyote viwili haviparuzi popote. Ukiita kinyago kizima nyororo, kwa sikio langu unakaribia tena kosa la pamba. Lakini kama kinyago ni cha mama aliyebeba mtoto, na baba yako ameusugua ule mgongo wa mtoto mpaka mkono unataka kubaki pale, andika "mgongo wa mtoto ni nyororo mkononi". Hapo neno limepata mahali pake, kwa sababu unausifu mwili uliochongwa, hukuutaja mti.

Kuhusu baba, mwambie kwa heshima kwamba kung'aa ni habari ya jicho, nayo yeye anaijua kuliko mimi. Ni kweli kwamba mambo haya yanatembea pamoja. Uso uliosuguliwa sana hurudisha mwanga upande mmoja, ukang'aa; uso wenye mikwaruzo huutawanya mwanga huku na huku, ukafifia. Lakini kila fundi anajua kwamba kinyago kinaweza kupakwa dawa nyeusi ya viatu kikang'aa kabla hakijawa laini. Wapo wanaofanya hivyo ili kuficha mikwaruzo, na wapo wanaofanya hivyo kwa mti mwingine kabisa ili upite kama mpingo. Mteja aliyeumwa na hao mara moja, akisoma "kinang'aa" anashtuka. Mpe habari ya mkono kwanza, ya jicho ifuate: "Uso laini, umemaliziwa kwa nta, unang'aa kiasi." Na kama ulipakwa dawa ya viatu, iandike hiyo dawa ya viatu.

Maneno mengine mawili uyaweke kando. La kwanza ni kuteleza. Utelezi ni tahadhari. Sakafu inayoteleza inaangusha watu, na kinyago kinachoteleza kinamponyoka mtu mkononi. La pili ni sawa au tambarare. Meza inaweza kuwa laini kila mahali na bado ikawa na mabonde, kwa sababu mabonde ni kazi ya randa na mikwaruzo ni kazi ya msasa. Kinyago chenyewe kimejaa matuta na mabonde ya makusudi, hasa vile vya mtindo wa ujamaa ambako watu wamepandiana juu kwa juu kutoka chini hadi kileleni. Hakuna aliye tambarare pale, na wote wanaweza kuwa laini.

Upande wa pili wa neno ndio ambao waandishi wetu wengi wanaupitia haraka, nami nataka nikae hapo kidogo, maana ndipo lipiko lako lilipo. Tuna kukwaruza na tuna kuparuza. Watu wanayachanganya na kamusi haziwakatazi, lakini kwa masikio yangu yana tofauti inayofaa kutunzwa. Kukwaruza kunaacha alama: ukucha unakwaruza rangi ya mlango, na ile alama inabaki kuwa mkwaruzo. Kuparuza kunabaki kwenye ngozi ya anayegusa: gunia linaparuza, mkeka mpya unaparuza, ndevu za siku mbili zinaparuza, na hakuna kilichochanika. Kwa hiyo kinyago chenye mikwaruzo ni kinyago kilichoharibiwa, na kinyago kinachoparuza ni kinyago ambacho hakijasuguliwa, au ambacho fundi hakutaka kukisugua. Tofauti hiyo ina thamani ya pesa. Mteja akirudisha mzigo akisema "kina mikwaruzo", unatafuta ni wapi kiligongwa njiani. Akisema "kinaparuza", hilo ni la karakana.

Na msasa wenyewe, mwanangu, ni neno la kuparuza. Kabla haijaja karatasi ya dukani yenye mchanga uliogandishwa kwa gundi, msasa ulikuwa mti, na mpaka leo ni mti. Ni jamii ya mikuyu, na jani lake bichi ukilipapasa linashika vidole. Mafundi walilitumia kusugulia mbao na vyombo. Wataalamu wa mimea wanauita Ficus exasperata, na neno hilo la pili ni la Kilatini lenye maana ya kitu kilichofanywa kiparuze. Ukitaka kumwonyesha mtoto tofauti ya nyuso mbili bila kununua chochote, mpe jani la msasa mkono mmoja na jani la mkorosho mkono mwingine, lile la mkorosho ambalo mkono unapita kama haujagusa kitu.

Msasa wa dukani una namba nyuma yake, na namba ikipanda punje zinakuwa ndogo. Namba 80 inakula mti na kuacha mistari inayoonekana. 120 inaifuta mistari ya 80. 240 inaifuta ya 120. Kufikia 400 na zaidi mpingo unaanza kuonyesha weusi wake wenyewe bila kupakwa kitu. Mafundi husema msasa laini kwa wenye namba kubwa, na hiyo ni ile laini ya tatu, ya unga na mchanga, kwa sababu wanazungumzia punje. Hakuna msasa wowote ulio laini kwa kupapasa. Muulize baba amefika namba ngapi, kisha uiandike. "Umepigwa msasa hadi namba 400" ni maneno ambayo seremala wa Dodoma atayaheshimu kuliko sifa zozote. Na kwa kuwa tumefika kwenye msasa: vumbi la mpingo si la kuvuta. Linawasha ngozi na linaweza kuleta mzio wa kifua kwa mtu aliyelizoea miaka mingi bila kinga. Afunge pua na mdomo, na asugue mahali penye upepo.

Kumbuka pia kwamba mkono una uelekeo. Papa wanaovuliwa pwani yetu, ukimpapasa mmoja kutoka kichwani kwenda mkiani, utasema ni laini. Rudisha mkono kutoka mkiani kwenda kichwani, atakuparuza mpaka utoke damu, kwa sababu ngozi yake imefunikwa na vimeno vidogo vilivyolala kuelekea nyuma. Mti nao una nyuzi zilizolala upande. Kinyago kilichosuguliwa upande mmoja tu kinaweza kumdanganya fundi mwenyewe. Kabla hujaandika neno laini, pitisha mkono kwenda na kurudi, na upitishe mahali pasipofikika kirahisi: kwapani, katikati ya vidole, chini ya kitako. Katika mtindo wa mawingu wenye matundu na mapindo, papasa ndani ya matundu. Kama huko ndani kumebaki alama za patasi, usizifiche. Andika: "Nje laini, ndani ya matundu kumeachwa alama za patasi." Wapo wanaozipenda hizo alama kwa sababu zinaonyesha mkono wa mtu.

Sasa lipiko. Hilo ni karibu kinyume cha kinyago cha mpingo kwa kila kipimo. Mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji hulivaa kichwani akacheza nalo, na hakuna shingo ya kuchezea mzigo wa mpingo. Huo mti mwepesi ni laini kwa kutomasa, ukucha unaweza kuuachia alama. Lakini uso wake hauna sababu ya kuwa laini kwa kupapasa. Mengi hubandikwa nywele za kweli za binadamu. Mengi huwekwa chale za usoni, zile za jadi ya Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma, na mara nyingi chale hizo hufanywa kwa nta ya nyuki iliyotuna juu ya mti. Mkono ukipita hapo unakutana na nta, na nywele, na mti uliopita kisu. Mchongaji alikusudia hivyo, kwa sababu uso wa mtu aliyechanjwa chale hauko laini.

Kwa hiyo lipiko usiliite laini, na usiliombee radhi kwa kukosa msasa. Epuka "halijamaliziwa", maana lilimalizika siku lilipovaliwa. Epuka "lina vipele", kwa kuwa vipele ni ugonjwa na zile ni chale. Usiseme pia "linakwaruza", kwa sababu mteja atafikiri litamwumiza au litaharibu meza yake. Mimi ningeandika hivi: "Lipiko la mti mwepesi, limechongwa kwa kisu na alama za kisu zinaonekana, chale za usoni ni za nta, zimetuna, ukizipapasa utazihisi, nywele ni za kubandika. Usilishike kwa kubana, mti wake unaingia ukucha." Hiyo sentensi ya mwisho inamlinda yeye na inakulinda wewe, kwa sababu lipiko likiachiwa alama ya kidole hakuna msasa utakaoiondoa bila kuondoa na kazi ya fundi.

Na kinyago cha mpingo kiandikie hivi, ukibadilisha namba na vipimo viwe vya kweli: "Kinyago cha mpingo mtupu, kigumu na kizito. Uso wake ni laini, umepigwa msasa hadi namba 400 na kumaliziwa kwa nta; ukiupapasa kwenda na kurudi kidole hakikwami. Kitako kimeachwa na alama za tezo." Ukitaka kabisa kuweka neno la kufananishia, weka kioo pale ulipoweka pamba. Kioo hakuna anayekitomasa.